Umelalaje?

Safari hii naandika nikiwa na jambo kifuani, na kabla ya kulileta hapa ilibidi niombe ruhusa kwa mwenzangu. Amesema niandike, mradi nisimtaje jina na nisimfanye aonekane mtu wa kulialia. Nimemuahidi la kwanza.

Lilianzia kwenye tranka. Jumamosi moja tulikuwa tunatafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wetu wa pili, shule inakitaka, na si unajua tena vyeti, siku vinapohitajika ndiyo siku vinapojificha. Tukalivuta tranka langu la chuo kutoka chini ya kitanda. Cheti hakikuwemo. Kulikuwa na saa yangu ya kubandika kifuani, imesimama miaka mingi, na daftari la mwaka 2000, la mwaka wa kwanza wa uuguzi. Mume wangu akaketi sakafuni akaanza kulisoma kwa sauti. "Mdomo wa foronya usielekee mlangoni. Hivi hii nayo ni tiba?"

Nikacheka, nikaketi naye, nikaanza kumsimulia.

Mimi ni mtu wa Tanga. Chuo nilichopangiwa kilikuwa Nyanda za Juu Kusini, na nilifika mwezi wa sita na sweta moja. Jamani, baridi ya kule! Ukifungua bomba asubuhi unaona kama maji yanakung'ata. Wiki za mwanzo hatukugusa mgonjwa hata mmoja. Tulitandika vitanda, tukakunja kona za shuka, mwalimu anapita na kidole chake, akiona mkunjo anavua shuka lote bila kusema neno. Sindano tulijifunzia kwenye machungwa, tukimaliza tunayala. Hilo la machungwa mwalimu hakulijua, au labda alilijua.

Siku ya kwanza wodini nilipewa bibi mmoja wa kumwogesha kitandani. Akaniambia "Kamwene", nami kwa uchovu wa kichwa nikamjibu "Sijambo, shikamoo", wodi nzima ikacheka. Nikachota maji ya moto, nikaandaa taulo, sabuni, kila kitu kwa mpangilio kama daftari linavyosema. Nilipomgusa tu mgongoni, bibi akaruka. Mhudumu wa wodi, mama mmoja wa makamo aliyekuwa anapiga deki, akaacha fagio, akaja akanishika mikono. "Binti, maji ni ya moto lakini mikono yako ni ya maiti. Itumbukize kwanza kwenye beseni, subiri kidogo, ndipo umguse mama wa watu."

Hilo halikuwa kwenye daftari. Nililiandika usiku ule pembeni kwa kalamu nyekundu, na mume wangu alilikuta pale pale: *pasha mikono kwanza.* Mama yule hakuwa na cheti chochote cha uuguzi, lakini alimjua kila mgonjwa asiye na ndugu wa kumletea chakula. Saa za kuona wagonjwa zikifika anapita taratibu kwenye vitanda vilivyojaa hotpoti, anasema tu, "Yule wa dirishani leo hajapata mgeni." Basi. Baada ya dakika tano wa dirishani anakula ugali na maharage ya watu asiowafahamu.

Mwalimu wetu naye alikuwa mpenzi wa Florence Nightingale. Wengi wanadhani kile kiapo chetu cha mishumaa, tunachokisoma kila Mei 12 siku aliyozaliwa, kilitungwa naye. Hapana, kiliandikwa Marekani, Detroit, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter. Alichoandika mwenyewe ni kitabu kidogo kuhusu uuguzi, kilichotoka mwaka 1859, na mwalimu alikuwa anakitoa humo vitu vidogo vidogo: usinong'one mlangoni mwa mgonjwa, maana atatumia nguvu zake zote kutega sikio. Ukizungumza naye keti mahali anapokuona bila kugeuza shingo. Mimi nilikuwa nasinzia kwenye vipindi hivyo. Lakini la shingo lilinibaki.

Kingine kilichonibaki ni ujanja wa kuhesabu pumzi. Mtu mzima aliyetulia anavuta pumzi kama 12 hadi 20 kwa dakika, ila ukimwambia unamhesabia, anaanza kupumua kama yuko jukwaani. Kwa hiyo unamshika mkono, unahesabu mapigo, ukimaliza humwachii. Unaendelea kumshika kama bado unatafuta mapigo, kumbe macho yako kifuani unahesabu pumzi.

Sasa nifike kwenye usiku wangu wa aibu, ambao hata mume wangu hakuwahi kuusikia.

Ulikuwa mwaka wa pili, zamu ya nne ya usiku mfululizo. Vitanda 32. Saa 10 alfajiri ndiyo muda wa kupima joto, mapigo na pumzi. Nikapima kumi vya mwanzo kwa uaminifu. Kisha nikaketi mezani "kupumzisha miguu", na nikajaza chati zilizobaki kutoka kichwani. Joto 36.6, 36.8, 37.0. Pumzi 18, 20, 18. Nilizichanganya vizuri, yaani ungeziona ungesema huyu binti kachapa kazi.

Saa 12 akaingia muuguzi kiongozi wa wodi, sisi tulimwita inchaji, mwanamke mkali ambaye hata madaktari walikuwa wananyoosha makoti wakimwona. Akapitia chati moja moja. Akaniita stoo ya mashuka, akafunga mlango.

"Kitanda namba 27 umekipima?"

"Ndiyo, sista."

"Joto 36.8."

"Ndiyo, sista."

"Binti, 27 alihamishiwa wodi ya upasuaji jana jioni, wewe hujaingia zamu. Chati ilisahaulika. Umempima nani, mto?"

Kitanda kilikuwa kitupu, msomaji wangu. Na nilikuwa nimekitandika mwenyewe!

Nikajua nimefukuzwa. Nikaanza kuwaza nitamwambia nini baba. Inchaji akachukua kikapu chake, akatoa chupa ya chai na kiazi kitamu kwenye kitambaa, akanimiminia. "Kunywa." Nikanywa huku machozi yanaingia kikombeni. Ndipo akaniuliza: "Umelala lini mara ya mwisho, usingizi wa kweli?"

Toka nifike kule hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia sikumbuki. Akanionyesha marundo ya mashuka safi. "Lala hapo nusu saa. Nitakuamsha mwenyewe. Halafu utaanza upya kitanda namba 1 mpaka 32, kwa kipimajoto na kwa saa yako."

Aliniamsha baada ya nusu saa kamili. Namba 19 alikuwa mzee mmoja mkimya, hajawahi kulalamika. Chati yangu ilisema 36.6. Kipimajoto kikasema 39.4. Daktari akaitwa, mzee akatibiwa, na alipotoka aliniachia mapichi matatu kwenye gazeti, akinishukuru eti ndiye niliyegundua. Nililia kuliko siku ya stoo.

Inchaji hakuniripoti. Je, alifanya sawa? Leo mimi mwenyewe nasimamia wanafunzi, na nikikuta chati ya kupika naandika taarifa, kwa sababu chati ya uongo inaua. Nimebishana na nafsi yangu miaka mingi juu ya hilo na sijapata jibu. Ninachojua ni kwamba tangu asubuhi ile sijaandika namba nisiyoipima.

Hapo nikamaliza kusimulia, nikasubiri mume wangu acheke ile ya mto. Hakucheka. Alikuwa anakunja daftari polepole. Akasema, bila hasira hata kidogo, "Kwa hiyo wazee wa watu unawauliza wamelalaje. Mimi uliniuliza lini?"

Ndugu msomaji, nisikufiche, nilijibu vibaya. Nikamtajia zamu zangu, watoto, ada, nani anaamka kupasha maji. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na hakuna hata kimoja kilichokuwa jibu la swali lake. Siku mbili tukaishi kwa ile adabu mbaya ya wanandoa, ya "naomba chumvi" na "asante".

Jumatatu nikaingia zamu ya usiku. Saa 10 alfajiri nimeshika chati, nikakumbuka Jumapili iliyopita shangazi yake alipopiga simu. "Mwenzio hajambo?" Nikasema hajambo kabisa, shangazi, mzima wa afya, huku natafuta kiberiti. Sikumtazama hata usoni. Nilijaza tu 36.8.

Nilifika nyumbani saa 2 asubuhi. Watoto wameshaenda shule, na yeye alipaswa awe ofisini. Alikuwa mezani, shati la kazi mwilini, kikombe cha chai mbele yake. Kwa kawaida napita moja kwa moja kwenda kuoga, tunasalimiana mgongo kwa mgongo. Nikanawa mikono kwa maji ya moto, nikazunguka meza, nikaketi kiti cha upande wa pili.

"Umelalaje?"

Akacheka. "Nesi, unanipima?"

"Nakupima."

Akatazama kikombe muda mrefu. "Vibaya," akasema. "Tangu mwezi wa pili."

Mkataba wake hauongezwi. Aliambiwa mwezi wa pili, na mwisho wa mwezi wa sita ndiyo basi. Usiku nikiwa kazini anaamka saa 8 na kukaa sebuleni gizani anapiga hesabu za kodi na ada, watoto wakiamka kukojoa anawaambia anaangalia mpira. Alikuwa anasubiri siku nitakayokuwa sijachoka ndiyo aniambie.

Nikamshika mkono, vidole pale kwenye mapigo. Mapigo 92. Nikamaliza kuhesabu, sikumwachia, macho yangu yakahamia kifuani. Pumzi 24. Sikumwambia. Nikaendelea kushika, tukakaa hivyo chai ikapoa, na nilipohesabu tena zilikuwa 18.

Jioni tulichukua kalamu na karatasi, tukapiga hesabu za miezi mitatu, wawili, taa ikiwa imewashwa. Haziko nzuri. Cheti cha mtoto bado hatujakipata.