Kubofya si Kuunda

Tumewafundisha vijana kutumia simu janja. Hatujawafundisha kuziundia programu. Tofauti hiyo ni ya kisiasa, kwani anayeunda programu ndiye anayeamua lugha itakayotumika, taarifa zitakazokusanywa na nani atakayeziona.

Mwaka 2008, machafuko ya baada ya uchaguzi yalipoitikisa Kenya, wanablogu na wataalamu wachache waliunda Ushahidi, jukwaa lililopokea taarifa za wananchi na kuzionesha kwenye ramani. Mwaka 2010 lilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Nashauri kila mwanafunzi wa chuo kikuu, awe wa sheria au wa kilimo, aunde walau programu moja inayotatua kero ya kata yake, na halmashauri zimpe takwimu zisizo za siri. La sivyo, tutabaki wapangaji katika nyumba ambayo mwenyewe hubadili kufuli bila kutuarifu.