Mkono wa Mgonjwa wa Moyo Nao Ulindwe

Mkulima wa Moshono, jijini Arusha, huishi kwa mikono yake: ndiyo ishikayo jembe, ndiyo ikamuayo ng'ombe. Apelekwapo Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, ili mishipa ya moyo wake ichunguzwe kwa mrija mwembamba, fikira zote huelekezwa kwenye moyo. Ni haki, lakini yafaa mkono nao ukumbukwe.

Kwa miaka mingi mrija huo ulipitishwa kinenani, na mgonjwa akalazimika kulala chali kwa saa kadhaa. Mwaka 1989 Lucien Campeau wa Montreal alieleza njia ya kupitia kifundo cha mkono, na mwaka 1992 Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam akaanza kuitumia kutibu mishipa iliyoziba. Njia hii hupunguza hatari ya kuvuja damu, na mgonjwa huweza kuketi na kutembea mapema.

Mrija ukisha kutolewa, ateri iliyo upande wa kidole gumba hukandamizwa, aghalabu kwa mkanda wenye mfuko wa hewa. Ni rahisi kudhani kwamba kadiri mkandamizo unavyozidi ndivyo usalama unavyozidi. Sivyo. Damu isiyopita huganda, na ateri huweza kuziba. Mara nyingi mgonjwa hahisi lolote, kwa kuwa ateri ya pili, ya upande wa kidole cha mwisho, huendelea kulisha kiganja. Ukimya huo usidhaniwe kuwa uzima. Ateri iliyoziba huenda isifae tena kupitishia mrija, wala kuunda njia mpya ya damu katika upasuaji wa moyo, wala kumsaidia mgonjwa atakayehitaji kusafishwa damu figo zikishindwa.

Kinga yake si ghali. Muuguzi hupunguza hewa polepole hadi tone la damu lionekane, kisha huongeza kidogo tu, likome. Halafu huibana ateri ya pili, kipima oksijeni kikiwa kwenye kidole gumba. Mapigo yakionekana, damu inapita; yasipoonekana, hewa hupunguzwa tena, huku kidonda kikiangaliwa.

Kazi hii yadai muda na mafunzo kuliko fedha. Kwa hiyo kila hospitali itoayo huduma hii haina budi kupima na kuandika mapigo ya kifundo cha mkono kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Tiba ya moyo isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka hilo lifanyike, na mkulima arejee Moshono akiwa na mkono mzima.