Sidiria kwanza, kifaru baadaye
Na Mzee Kisirani

Mwongoza watalii akianza kutembea haraka, ujue hapo ndipo pa kusimama.

Jumatano shemeji alitutoa Catania kwenda kuona Villa Romana del Casale, magofu ya jumba la tajiri wa Kirumi bondeni, nje kidogo ya Piazza Armerina, kisiwani Sicily. Ni jumba la karne ya 4. Katika karne ya 12 udongo uliporomoka ukalifukia, na heri ulivyofanya hivyo, maana sakafu zake za vijiwe vya rangi zimebaki.

Tukapandishwa kwenye daraja lililo juu ya chumba chenye picha za wasichana sakafuni. Wamevaa chupi na sidiria, wanakimbia, wanarusha kisahani, mmoja kashapewa taji. Ni kazi nzuri, sikatai. Lakini watu wazima wenye wajukuu walikuwa wakisukumana kama abiria wa Mbagala saa kumi na moja jioni! Mwongozaji alimaliza utani wake wote, kisha akaurudia kwa Kijerumani. Shemeji alipiga picha mpaka simu ikaomba chaji.

Halafu tukafika kwenye ujia mrefu, zaidi ya mita 60 za sakafu. "Uwindaji Mkubwa," akasema mwongozaji, na mwavuli wake ukashika njia.

Jamani! Chini yetu Afrika ilikuwa inapakiwa melini. Mbuni wanapandishwa ubaoni, tembo kafungwa minyororo, kifaru anavutwa kwa kamba kutoka kwenye kinamasi, wote waende kufia uwanjani watu wapige makofi. Msimamizi anamcharaza mtumwa fimbo. Mwishoni kabisa, dude la hadithi lenye mabawa limekamata kreti, na ndani ya kreti anachungulia binadamu. Wataalamu wengi wanaamini hata mafundi walitoka Afrika Kaskazini. Mzigo wa Afrika, fundi wa Afrika, sakafu ya bwana.

Nikagoma kusogea. Nikauliza yule wa kwenye kreti ni nani.

"Pambo tu, mzee. Wenzako wanasubiri."

Shemeji akanivuta shati. Baadaye nilimwomba anionyeshe walau picha moja ya kifaru. Akapekua simu: wasichana, wasichana, kidole chake mwenyewe, wasichana. Akaniahidi atamtafuta mtandaoni.

Tajiri yule hakuficha kitu. Fimbo, minyororo na mtu wa kwenye kreti alivitandaza mbele ya ukumbi wake wa kupokelea wakubwa, kila mgeni avikanyage kabla hajamsalimia. Alijisifia navyo. Anayetupitisha hapo mbio ni mtu wa leo, mwenye mwavuli, tena tumemlipa sisi.