Usafi wa Bustani si Kiberiti

Mvua za vuli zinapomalizika na upepo wa kaskazi kushika nguvu, bustani nyingi za Fumba hubaki na sura ya kiwanja kilichohamwa. Mitungule imekauka kwenye vijiti vyake, mibamia imekomaa hadi kuwa miti, na mrehani uliokuwa fahari ya nyumba umeinamisha kichwa. Kinachofuata kinajulikana: ufagio, lundo, kiberiti. Jioni moshi hupanda, na mwenye bustani huingia ndani akiamini kwamba amefanya usafi.

Usafi wa namna hiyo ni hasara, na hapana budi tuseme hivyo bila ya kificho.

Tuanze na ardhi yenyewe. Rasi ya Fumba ni nchi ya maweni: udongo mchache uliojificha katika mashimo ya mawe ya matumbawe, ambako maji ya mvua hupenya na kupotea upesi. Katika ardhi kama hiyo, jani linalooza ndilo linalojenga udongo na kuzuia maji. Likichomwa, naitrojeni yake huondoka na moshi. Hubakia jivu, nalo huzidisha magadi katika udongo ambao tayari umejaa chokaa.

Wako watakaosema kwamba moto huua wadudu. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kudharauliwa. Huko Ulaya mkulima husafisha bustani majani yanapopukutika, kisha baridi kali humsaidia kuua wadudu wengi. Sisi hatuna msaidizi huyo. Hapa joto ni la mwaka mzima, na mdudu aliyeachiwa shina moja la mtungule hupata nyumba na chakula hadi masika. Kantangaze, nondo mwenye asili ya Amerika ya Kusini aliyegunduliwa Tanzania mwaka 2014, hujificha katika majani yaliyosahauliwa na katika udongo ulio chini yake.

Basi jawabu ni kuchambua. Shina la tungule, bilingani au pilipili lenye madoa, mnyauko au vinundu mizizini ling'olewe lote, litiwe katika mfuko wa nailoni uliofungwa barabara, na liachwe juani mpaka life kabisa. Kama pana cha kuchomwa, ni hicho tu. Majani mazima ya mchicha, kunde na maua yaingie shimoni pamoja na samadi yawe mboji, au yatandazwe juu ya matuta. Miasumini na miwaridi ipunguzwe matawi makavu. Mbegu za bamia na mrehani zihifadhiwe. Tuta lililougua lisirudishiwe tungule wala bilingani. Lipewe mahindi au vitunguu.

Zaidi ya hayo, tulitumie jua la Januari na Februari. Tuta lililoloweshwa, kisha likafunikwa kwa nailoni inayopitisha mwanga kwa wiki 4 hadi 6, hupata joto la kuua vimelea vingi vya udongoni. Jua hilo ndilo baridi yetu.

Walimu wana dhamana kubwa hapa. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shamba la shule lilikusudiwa kuwa darasa. Lakini mtoto anayepelekwa bustanini kwa kosa la kuchelewa hujifunza jambo moja tu: kuichukia bustani. Apelekwe akiwa na daftari, achambue majani, ahesabu vinundu vya mizizi, aulize sababu.

Watumishi wa serikali nao wasingoje bwana shamba aje kuwaamuru. Nyumba zinaongezeka Fumba, na nyua zinapungua upana. Kila kipande cha udongo kimekuwa na thamani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Masika huanza mwezi wa Machi, na mvua yake italikuta tuta katika hali tutakayoliacha sasa: ama lenye mboji, ama lenye jivu.