Mchungaji Hakutumwa na Majibu

Maswali anayoletewa mchungaji wa Kilifi hayatoki katika vitabu vya theolojia. Yanatoka kwenye gunia la mahindi lililobaki robo huku mvua haijaonekana Bamba, kwenye barua ya kuwaondoa watu katika shamba walimozikwa babu zao, kwa mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mama huingia, husalimu, huwaulizia watoto wa mchungaji mmoja mmoja, na akishasimama kuaga ndipo husema lililomleta: “Baba mchungaji, nimeomba. Nimefunga. Mbona Mungu amenyamaza?”

Toleo hili linahusu kile mchungaji anachosema na kutenda baada ya hapo. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Katika pwani hii, majibu ya haraka ya wahubiri yamewaumiza watu kuliko ukimya wa Mungu ulivyowahi kuwaumiza. Mchungaji anayempa mama huyu sababu papo hapo, iwe dhambi iliyofichwa, iwe jirani mchawi, iwe imani haba, au anayempangia tarehe ya muujiza, anampa kitu ambacho yeye mwenyewe hakupewa na yeyote.

Hatuwezi kuandika juu ya maombi na njaa hapa kwetu tukairuka Shakahola. Aprili 2023 polisi walianza kuwatoa watu katika msitu huo karibu na Chakama, huko Magarini, kisha wakaanza kufukua makaburi. Miili ikapita 400. Wataalamu wa serikali walioichunguza walisema wengi walikufa kwa njaa, na wengine, watoto wakiwamo, walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Paul Mackenzie, aliyewahi kuwa dereva wa teksi mjini Malindi kabla ya kuanzisha kanisa lake la Good News International, alishtakiwa pamoja na wenzake, na miongoni mwa mashtaka ni mauaji ya watoto 191. Ameyakana. Hukumu ni ya mahakama.

Linalotuhusu sisi wachungaji ni wale waliokwenda msituni. Walikuwa watu wanaojua kuomba. Walitoka pembe nyingi za Kenya, wakauza mali, wakaacha kazi, wakawatoa watoto shuleni. Walikuwamo waliosoma na waliokuwa na mishahara, hivyo tusijifariji kwa kusema kwamba ni ujinga wa watu maskini wa mashambani. Walikuwa na swali lilelile la mama yule, na mtu akawapa vitu viwili ambavyo kila anayeteseka huvitamani: sababu ya mateso na siku ya kuisha kwake.

Ni katika miezi hiyohiyo ambapo Ganze na Magarini zilikuwa ndani ya ukame mkali ulioanza 2020, na watu walikuwa wakipanga foleni kwa chakula cha msaada. Nataka msomaji aviweke vitu hivi viwili pamoja. Upande mmoja mama anapunguza sima yake ili watoto washibe kwanza. Upande wa pili, katika kaunti ileile, mama anaambiwa kwamba njaa ya mtoto ndiyo njia ya kumfikisha kwa Yesu. Nabii Isaya alilimaliza jambo hili zamani sana katika sura ya 58, alipowaambia watu wake kwamba mfungo unaompendeza Mungu ni kumgawia mwenye njaa mkate wako na kumwingiza maskini nyumbani kwako. Mfungo unaomnyima mtoto chakula ni kinyume chake kabisa, hata ukiitwa kwa jina takatifu namna gani. Na tulipodhani somo limeeleweka, mwaka 2025 miili mingine zaidi ya 30 ilifukuliwa Kwa Binzaro, si mbali na palepale.

Hata hivyo Shakahola ni jambo kubwa mno, na ukubwa wake unaweza kutudanganya. Kila mchungaji anaweza kusema kwa haki kwamba yeye hakumzuia mtu kula. Kwa hiyo nitasema juu ya jambo dogo zaidi.

Katika nyumba moja ya udongo huko ndani, ng’ambo ya Vitengeni, nilionyeshwa mkebe wa majani ya chai. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya kifafa katika kijifuko cha karatasi, na juu yake mwandiko wa muuguzi, moja mara mbili kwa siku. Vilikuwa karibu vyote. Mwenye dawa, kijana wa darasa la tatu, alikuwa ameketi mlangoni akichonga kijiti, na mkono wake wa kushoto kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko ulikuwa na kovu linalong’aa. Aliangukia mafiga. Mama yake alieleza bila kificho. Kwanza nyanya alisema ni nyuni, wakaenda kwa mganga. Baadaye likaja hema la injili, na mhubiri akatangaza kwamba mtoto amefunguliwa, na kwamba anayeendelea kumeza dawa anamwambia Mungu hamwamini. Mama akaacha kumpa. Kuvitupa hakuweza.

Mchungaji wa mahali pale, aliyenipeleka, hakumsema mhubiri wa hema. Aliuliza kliniki ni siku gani, nauli ya bodaboda ni pesa ngapi, na nani atabaki na mdogo wake kijana. Kisha akaushika ule mkono wenye kovu, akaomba kwa Kigiriama, maneno machache, akitaja jina la kijana na jina la zahanati. Siku ya kliniki akawapeleka yeye mwenyewe kwa pikipiki yake. Kijana bado huanguka mara mojamoja. Hakuna ushuhuda wa kusimama nao madhabahuni, na mchungaji hajautafuta.

Mjini Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, kilichoanza 1989, ambacho kwa miaka mingi kimekichunguza kifafa katika vijiji vyetu hivi. Tunajua kwamba malaria inayopanda kichwani na matatizo wakati wa kujifungua ni miongoni mwa visababishi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zinazofaa na kuzitumia ipasavyo. Vidonge vyenyewe si vya bei kubwa. Mhubiri anayewaambia watu wavitupe hana hata jibu la kutetea. Anamwondolea mgonjwa kitu kilichokuwa kikimsaidia, halafu anafungasha hema na kwenda zake, na lawama ya kuanguka tena inabaki kwa mama, kwa imani yake.

Haraka hiyohiyo ya kutoa sababu huwaua wazee wetu. Kilifi ina wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili wasiitwe wachawi, na kule Ganze, Kaya Godoma, imebidi pawe na makao ya kuwahifadhi waliotishiwa na jamaa zao. Nyuma ya mauaji mengi ya namna hii kuna ugomvi wa shamba, hilo linajulikana. Lakini panga haliinuki mpaka mtu atamke kwamba fulani ndiye chanzo cha misiba ya mji, na nasikitika kusema kwamba wakati mwingine utabiri wa aina hiyo hutamkwa katika kesha la maombi, na mtu mwenye Biblia mkononi. Mchungaji anayelisikia neno kama hilo likitamkwa katika mkutano wake akanyamaza ili asimkwaze mgeni mwalikwa ana damu ya kuijibia.

Kwa nini basi tunaharakisha? Hapa ningependa wasomaji wasio wachungaji watuvumilie kidogo, maana jambo hili halisemwi sana. Mchungaji wa kanisa la makuti huku bara ya Kilifi naye ana njaa. Sadaka ya Jumapili ni sarafu, nazi kadhaa, pengine kuku wakati wa mavuno. Watoto wake nao hurudishwa kwa karo. Mkewe hufanya biashara ya mahamri alfajiri ili nyumba iende. Juma zima amezika, amepatanisha, amesimama hospitalini Malindi akitafuta mtu wa kutoa damu. Jumamosi usiku anasikia vipaza sauti vya mtume mgeni uwanjani vikiahidi kazi, mume, hati ya shamba na kupona, na anajua kwamba kesho viti vyake vitapungua. Mtu aliyechoka namna hiyo anaposhawishika kuahidi kidogo tu, kuongeza chumvi kidogo tu kwenye ushuhuda, simhukumu kwa wepesi. Lakini namwomba asifanye hivyo. Waumini wake watamsamehe umaskini wake. Ahadi iliyowavunja haisameheki upesi.

Tena Maandiko yanamwachia nafasi ya kusema hajui. Paulo, ambaye nguo zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, alimwacha rafiki yake Trofimo mgonjwa kule Mileto. Anaitaja habari hiyo katika barua kwa Timotheo kwa sentensi fupi na kuendelea, bila kumlaumu Trofimo kwa imani yake. Mwiba wake mwenyewe aliuombea mara tatu, haukuondolewa. Luka aliyesafiri naye alikuwa tabibu. Sijawahi kusikia mahubiri ya hema juu ya Trofimo, na ningetamani kuyasikia.

Na kanisa la sehemu hizi lilianza hivyo hasa. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mkewe Rosine na kitoto chao kichanga. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaanza kazi Rabai, ambayo leo imo katika kaunti yetu. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete, akiwa karibu kufa. Kwa hesabu ya wahubiri wa siku hizi hiyo ni aibu: miaka ya kazi, homa zisizokwisha, na mavuno ni mlemavu mmoja anayekata roho. Rebmann alikaa. Alimzika mkewe huku, akazeeka, akapofuka macho, na aliondoka mwaka 1875 akishikwa mkono. Simtaji kwa sababu alikuwa Mzungu shujaa, wala sisemi kwamba alifanya kila kitu sawasawa. Namtaja kwa sababu ya kule kukaa. Miaka michache baadaye Rabai hiyohiyo, chini ya kiongozi Mwafrika William Jones ambaye naye alikuwa ametekwa utotoni akauzwa utumwani, ilijaa watoro waliokimbia mabwana zao, na mwanzoni mwa 1889 zaidi ya 1,400 kati yao walipewa hati za uhuru. Kule Fuladoyo, Mgiriama David Koi aliwapokea watoro vilevile na akauawa kwa ajili hiyo mwaka 1883. Watu hawa waliomba sana, sina shaka. Waliokimbilia kwao walipata pia mahali pa kulala na mtu wa kusimama kati yao na mwenye bunduki.

Baada ya Shakahola, serikali iliunda jopo chini ya Mutava Musyimi, naye ni mchungaji, na Seneti ikawa na kamati yake chini ya Danson Mungatana. Mjadala wa sheria ya kusimamia mashirika ya dini bado unaendelea, na makanisa mengi yanauogopa. Mimi naona mchungaji mwaminifu hana sababu ya kuogopa kuandikishwa na kukaguliwa hesabu. Ila sheria haitaingia katika nyumba ile ya udongo kuuliza vidonge viko wapi. Kazi hiyo ni yetu, na tusiisubirishe mpaka Nairobi wamalize kubishana.

Katika kurasa zinazofuata utawasoma wachungaji wa Ganze, Marafa, Takaungu na Malindi mjini wakieleza maombi ambayo hayakujibiwa walivyotaka. Niliwaomba wasimalize makala zao kwa muujiza kama muujiza haukuwapo, na wengi wametii ingawa haikuwa rahisi kwao. Muuguzi wa zahanati moja ameandika kile ambacho angependa wachungaji wakijue kabla ya kumwekea mgonjwa mikono. Mama aliyefiwa na ndugu msituni ameandika juu ya kutoa sampuli ya damu na kungoja. Miili ya kwanza ilianza kukabidhiwa jamaa Machi 2024, karibu mwaka mzima baada ya kufukuliwa, na zipo familia ambazo hazijazika. Ukurasa wake usomwe taratibu.

Ninalo ombi moja kwa kila mchungaji atakayelishika toleo hili. Waliokwenda Shakahola walitoweka katika mitaa na makanisa yao mmoja mmoja, kwa miezi mingi, kabla ya polisi kufika. Jumapili ijayo, kabla ya kufunga ibada, uliza mbele ya watu wote ni nani hajaonekana mwezi huu. Andika majina. Jumatatu uanze kuwatafuta nyumbani kwao, na ukienda, chukua nauli ya kumfikisha mtu zahanati.