Kifundo Kikiteguka Uluguru, Mkanda Usubiri

Anayeshuka na mkungu wa ndizi kichwani kutoka Morningside, kwenye Milima ya Uluguru, kwenda Soko la Chifu Kingalu mjini Morogoro mtaji wake ni vifundo vya miguu. Mvua ikinyesha, jiwe moja linatosha: mguu unapinda kwa ndani, kano za upande wa nje zinavutika, kesho yake kifundo kimevimba. Hukandwa kwa maji ya moto na chumvi, huchechemea siku kadhaa, kisha hurudi mlimani. Si ajabu mguu uleule ukateguka tena.

Sasa inasifiwa tiba ya wanamichezo: kufanya mazoezi paja likiwa limebanwa kwa mkanda wa hewa, njia iliyoasisiwa na Mjapani Yoshiaki Sato miaka ya 1960. Mkanda hupunguza damu inayoshuka na kuzuia zaidi ile inayorudi, msuli ukachoka haraka na kujengeka kwa uzito wa asilimia 20 hadi 30 tu ya uwezo wake. Kwa mguu usioweza bado kubeba mzigo, hoja hiyo ina mashiko. Mgonjwa hunyanyua kisigino mara 30, hupumua nusu dakika, kisha mara 15 kwa awamu tatu.

Lakini msuli wenye nguvu si lazima ujue umekanyaga wapi. Kinachomwangusha mtu kwenye mteremko mara nyingi ni kuchelewa kujiweka sawa, na hilo hufundishwa kwa kusimama kwa mguu mmoja, zoezi ambalo manufaa yake yamethibitishwa kwa miaka mingi. Mkanda umechunguzwa zaidi kwenye goti. Kwa kifundo, tafiti ni chache na ndogo.

Tena mkanda hupimwa. Mtaalamu hutafuta kwanza kiwango kinachofunga mshipa wa mgonjwa huyo, halafu hubana kwa asilimia 40 hadi 80 yake. Nachelea kijana atakayeona video akachukua mpira wa ndani wa baiskeli! Tanzania ina wagonjwa wengi wa selimundu. Wao, pamoja na wenye shinikizo la damu na waliowahi kuganda damu mguuni, hawapaswi kubanwa bila kuchunguzwa.

Hospitali ya rufaa ikiwa na mkanda, sawa, uwasaidie waliotoka kwenye upasuaji. Kwa vijiji vya Uluguru, fedha ningezielekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayepanda hadi zahanati, akamwonyesha mama wa ndizi namna ya kusimama kwa mguu mmoja, mkono ukutani, kabla hajajitwisha tena.