Joto la Ndani ya Gari Si Kitu cha Kulipiwa Kila Mwezi

Leo mada ni baridi ambayo wengi wetu hatujaionja. Sisi Julai ya Limuru ikituuma tunavaa makoti mawili na kulalamika wiki nzima. Lakini Wakenya waliohamia Minnesota ni wengi, na kule usiku wa Januari nyuzi 20 chini ya sufuri si habari ya gazeti. Wengine wao wanaendesha haibridi, na binamu yangu mmoja haachi kuniuliza: mbona gari hili halipati joto haraka kama lile langu la zamani? Wewe si ndiwe uliyesomea kompyuta?

Haya basi. Ufundi kwanza, kisha nigombane.

Gari la kawaida la petroli halina hita hasa. Injini hupoteza sehemu kubwa ya nishati ya mafuta kama joto. Maji ya rejeta hulibeba joto hilo, yanapita kwenye kirejeta kidogo nyuma ya dashibodi, feni inapuliza, nawe unasema hita inafanya kazi. Kwa kweli unaota moto wa takataka.

Haibridi iliundwa ili takataka hizo zipungue. Injini ya Prius iliyotoka mwaka 2015 ilifikisha ufanisi wa asilimia 40 inapofanya kazi vizuri kabisa, na ukisimama kwenye taa za barabarani inazimika. Uzuri huo ndio unaoleta taabu wakati wa baridi. Ukidai joto, kompyuta ya gari inalazimika kuwasha injini hata kama huendi popote, ili maji yapate moto. Ndiyo maana mafuta huisha upesi Januari na watu wanasema haibridi ni utapeli. Si utapeli jamani, ni fizikia.

Wahandisi walilijua jambo hili zamani. Prius ya kizazi cha pili, ya mwaka 2003, ile iliyouzwa Marekani, ilibeba themosi. Ndiyo, themosi kama ya chai! Ilihifadhi lita 3 hivi za maji moto ya injini hadi siku 3, na asubuhi pampu ndogo ya umeme iliyarudisha ndani ya injini. (Lengo kubwa lilikuwa kupunguza moshi mchafu wa dakika za kwanza, lakini wazo ni tamu.) Kizazi cha 2009 kikaacha themosi, kikavuna joto kutoka kwenye bomba la moshi. Kisha mwaka 2016 ikaja Prius Prime ya kuchaji nyumbani, yenye pampu ya joto, yaani kiyoyozi kinachofanya kazi kinyume, kiasi kwamba baridi isipozidi sana unapata joto bila injini kuwaka. Uhandisi wa namna hiyo naupigia saluti.

Sasa ugomvi. Desemba 2021 iligundulika kwamba kwa baadhi ya magari ya Toyota huko Marekani, kuwasha gari kwa kitufe cha ufunguo ili lipate joto kabla hujaingia kungekoma kama hujalipia huduma ya mtandao, dola 8 kwa mwezi au 80 kwa mwaka, muda wa majaribio ukiisha. Simu ingekuwa hoja nyingine. Ukiwasha kwa simu, amri inapita kwenye seva, na seva ina gharama. Kitufe cha ufunguo je? Kinatuma mawimbi ya redio moja kwa moja hadi kwenye gari lililo hatua chache kutoka mlangoni. Hakuna seva. Hakuna mtandao. Kuna mstari wa programu tu unaouliza: huyu amelipa? Mimi huandika programu kwa riziki yangu, na mstari huo naujua. Hauongezi kitu chochote. Kazi yake ni kuzuia kitu ambacho tayari kipo. Kelele zilipozidi kampuni ikasema itaangalia upya mpango huo.

BMW nao Julai 2022 walijaribu kutoza kila mwezi katika nchi kadhaa ili viti vilivyokwisha kufungwa nyaya za joto viwake. Mwaka uliofuata wakaachana na jambo hilo. Wateja waligoma, na walifanya vyema.

Mtu ataniambia, lakini usalama je? Kuna hoja hapo, siikatai. Haibridi ikiwa kimya mtu anaweza kuiacha imewaka ndani ya gereji, injini ikajiwasha yenyewe na hewa ya sumu ikajaa nyumba. Gazeti la New York Times liliripoti mwaka 2018 kwamba zaidi ya watu 20 walikuwa wamekufa Marekani tangu 2006 kwa magari yasiyo na ufunguo wa kuzungusha yaliyoachwa yakinguruma. Lakini dawa yake ni saa ndogo ndani ya gari inayozima injini baada ya dakika kadhaa. Saa hiyo haihitaji kadi ya benki.

Na hata ukilipa, seva hufa. Aprili 2024 wenye Nissan Leaf za zamani huko Uingereza walipoteza programu ya simu waliyotumia kupasha gari joto, kwa sababu mitambo ya 2G inazimwa. Gari zima, betri nzima, hita nzima, kitufe maiti. Sisi wa magari ya mtumba tunaujua ugonjwa huu: ramani inakusemesha Kijapani, na chochote kilichotegemea seva ya Japani kinabaki pambo kikishuka Mombasa.

Kwa binamu yangu na wenzake: hakikisha taa ya READY imewaka, bila hiyo unamaliza betri ndogo bure. Washa joto la kiti kwanza, linakula makumi ya wati tu wakati hita ya gari zima inataka maelfu. Subiri kidogo, pangusa vioo vyote, kisha uondoke polepole. Injini inayovuta gari hupata moto upesi kuliko iliyosimama. Na ukienda kununua jingine, muulize muuzaji kama kitufe cha kuwasha kinaongea na gari lenyewe au kinapitia kampuni, na atakujibu kwa maandishi.

Mlioko Minnesota na Kanada, nielezeni yenu yanafanyaje.